Mifuko Miwili: Miaka Sita ya Kushika Hesabu za Kriketi Mkoani

Mwanzoni mwa 2015 nilipochaguliwa kuwa mhazini wa chama cha kriketi cha mkoa, mtangulizi wangu alinikabidhi ofisi nzima ndani ya mfuko mmoja wa rambo. Humo mlikuwa na kaunta buku iliyojaa nusu, kitabu cha stakabadhi kilichobakiza kurasa chache, kitabu cha hundi, na lundo la risiti zilizokunjamana. Zile za EFD, mashine ya risiti za kodi, za karatasi laini, zilikuwa zimekwisha kufutika. Ukiiinua moja kwenye mwanga wa dirisha unaona vivuli vya mistari, tarakimu hakuna. Yule bwana hakuwa mwizi. Nalitaja hilo mapema kwa sababu katika miaka sita niliyoshika kazi ile sikukutana na mwizi hata mmoja. Niliokutana nao ni watu wema wasioandika, na mmoja wao nilikuwa mimi mwenyewe.

Sikuwa mtu wa kriketi. Nilikuwa karani wa hesabu katika kiwanda cha kuchambua pamba, Kanda ya Ziwa, na mchezo niliokulia ni kandanda kama watoto wengi wa huku. Mwenyekiti wa chama alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa mjini kwetu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambako kiwanda kilikuwa kikinunua bolti na mikanda ya mashine. Alikuwa ameniona mara nyingi nikirudisha chenji iliyozidi, na nikidai risiti hata ya shilingi 2,000. Siku moja akaniita nyuma ya kaunta, akanimiminia chai ya maziwa, akasema, "Karani, njoo utusaidie. Wachezaji tunao. Mtu wa daftari hatuna." Nilikubali kabla chai haijaisha.

Mzee yule aliupenda mchezo huu kama mtu anavyompenda ndugu yake mgonjwa. Alinisimulia jinsi timu ya Afrika Mashariki ilivyokwenda Uingereza mwaka 1975 kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Watanzania wakiwemo kikosini, ikapoteza mechi zake zote tatu. Alinieleza kwamba tulisubiri hadi 2001 ndipo Tanzania ikaingia katika Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, kwa jina lake yenyewe. Na Oktoba 2008 alipanda basi hadi Dar es Salaam kutazama mashindano ya Daraja la Nne la Ligi ya Dunia. Bingwa alikuwa Afghanistan. Haikupita miaka miwili, walewale Afghanistan wakawa wanacheza Kombe la Dunia la T20, kriketi ya mechi fupi, kule West Indies. "Niliwaona wakipita hapa kwetu, Karani," alikuwa akiniambia kila tulipokosa hela ya kitu fulani. "Walipita hapa hapa."

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kujua mechi moja inagharimu shilingi ngapi. Niliwauliza viongozi wenzangu saba, nikapata majibu saba, na hakuna hata mmoja aliyetaja mipira. Wa kandanda ukinunua mpira mmoja mzuri unaweza kumaliza nao msimu. Mpira wa kriketi ni kitu kingine. Ni wa ngozi, mgumu, una uzito wa gramu 160 hivi, na mrushaji hula kwa ule mshono wake. Kila timu inapoanza zamu yake ya kupiga, mpira mpya hutolewa. Kiwanja chetu kilikuwa na nyasi katikati tu, kwingine changarawe, na mpira uliokwaruzwa na changarawe kwa ova 20, yaani mirusho 120, haurudi tena kwenye mechi. Unabaki wa mazoezi. Kwa hiyo mechi moja ni mipira miwili. Wakati ule tulikuwa tukiagiza Dar es Salaam kwa 35,000 kila mmoja, ni 70,000. Waamuzi wawili kwa 15,000 kila mmoja, ni 30,000. Mwandika alama 10,000. Imekuwa 110,000 na bado hujanunua maji ya kunywa. Timu zilikuwa sita, kila moja ikicheza na kila nyingine mara moja, basi mechi 15. Hiyo ni 1,650,000. Ada ya ushiriki ilikuwa 150,000 kwa timu, jumla 900,000. Chama kilikuwa kikianza kila msimu na pengo la 750,000, na kila mwisho wa mwaka wajumbe walikuwa wakiulizana fedha zimekwenda wapi.

Nilipowasomea kamati karatasi hiyo, palikuwa kimya. Kisha mwenyekiti akasema, "Kumbe mpira ndio unga wetu." Tangu siku hiyo bajeti yetu ilianza na mipira. Kuanzia msimu uliofuata timu zilizojiweza zilipandisha ada yao, timu za shule zikaachwa kwenye ile ya zamani, na wafanyabiashara wawili wakakubali kutununulia mipira yenyewe badala ya kutupa fedha. Niliiandikia mipira hiyo stakabadhi kama fedha taslimu, na thamani yake nikaiingiza pande zote mbili za daftari, mapato na matumizi. Katibu aliona najisumbua, kwa kuwa hela haikupita mikononi mwetu. Lakini ukiacha kuandika msaada wa vitu, mwaka unaofuata mfadhili asipotokea hutajua ligi yako kwa kweli inagharimu nini, utarudi kulekule kwenye majibu saba.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Juni 2015 shule zilifungwa, na vijana wetu wa chini ya miaka 19 wakaalikwa Dar es Salaam kwenye mashindano ya mikoa. Nauli tuliyoahidiwa ilichelewa. Miaka ile mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha, kwa hiyo ukikosa basi la saa kumi na mbili alfajiri umeikosa siku nzima, na sisi tuna zaidi ya kilomita 1,000 mbele yetu. Benki tulikuwa na akiba kidogo, ila mmoja wa watia saini alikuwa msibani wilaya ya mbali. Vijana walikuwa wameshafua jezi. Mmoja alikuja ofisini kwangu kiwandani na mama yake, kuhakikisha tu kwamba safari ipo.

Nilitoa hela yangu. Vijana 14 na walimu wawili, nauli 42,000 kila mmoja, ni 672,000. Nikamkabidhi mwalimu na 96,000 ya chakula cha njiani, 6,000 kwa kichwa. Jumla 768,000. Ilikuwa ada ya mwanangu ya muhula uliokuwa unakuja. Nauli ya kurudi walilipiwa kulekule.

Wiki iliyofuata timu zikaanza kulipa ada za ligi, na kwa kuwa ndivyo ilivyozoeleka, walinitumia kwenye simu yangu. Timu tano, 750,000. Nikajirudishia humo. Kichwani hesabu ilikuwa nyepesi: nimetoa 768,000, nimechukua 750,000, zilizobaki 18,000 nimeziachilia kwa ajili ya watoto. Nilijisikia vizuri. Nililala vizuri.

Desemba tukawa na mkutano mkuu. Nahodha wa timu moja, kijana mpole, alisimama mikono nyuma akauliza: "Mhazini, samahani. Sisi ada tulikutumia kwenye simu. Kwenye taarifa ya benki uliyotusomea haimo. Naomba kujua iko wapi." Nikaeleza safari. Akaomba kuona tiketi. Nikazitoa kwenye bahasha, tukazihesabu mbele ya watu. Zilikuwa 13. Mwalimu alikuwa amewagawia vijana kila mmoja ashike yake. Moja ilifuliwa na suruali, mbili hazikujulikana zilikoishia. Tiketi 13 ni 546,000. Chakula walikula kwa mama lishe wa stendi, na mama lishe hana kitabu cha stakabadhi. Kwa hiyo mbele ya mkutano nilikuwa mtu aliyepokea 750,000, akaonyesha 546,000. Palikuwa na 204,000 zisizo na karatasi.

Hakuna aliyeniita mwizi. Mwenyekiti alijaribu kuniokoa, akasema, "Jamani, mimi namwamini huyu." Maneno hayo yaliniumiza kuliko swali la nahodha. Kama hesabu zangu zinasimama kwa sababu mzee mwenye heshima ameniamini, basi siku akiondoka zitasimama kwa nini? Na nahodha yule angefanya nini, akubali kwa sababu ya adabu? Niliomba muhtasari uandike kwamba mhazini anadaiwa 204,000. Nikazilipa kwa awamu tatu za 68,000, Januari hadi Machi 2016, na kila mara nikadai stakabadhi.

Nyumbani mke wangu aliuliza, "Baba watoto, kwani zile hela ulikula?"

"Sikula."

"Sasa unalipa nini?"

Siku ile nilikosa jibu. Lilinichukua miezi kulipata. Kiwandani, msimu wa ununuzi wa pamba, nilikuwa nikibeba masurufu ya mamilioni kwenda vituo vya kununulia, na haijawahi kunipitia kuchanganya hata shilingi 100 na zangu. Begi la kazi ni begi la kazi. Hata chai nikinywa njiani nalipa kwa mfuko wa suruali. Kwenye kriketi nilifanya kinyume kwa sababu nilikuwa najitolea. Nilidhani kwa kuwa sili, na kwa kuwa natoa changu, daftari halinihusu sana. Wema ulinifunga macho. Shuleni tuliimbishwa mali bila daftari hupotea bila habari, na nilidhani methali ile inawaonya wenye mali. Kumbe mali ilikuwepo yote, ilisafirisha watoto hadi Dar es Salaam na wakacheza. Kilichopotea bila habari ni neno langu.

Hela ya mtu binafsi inaweza kukiokoa chama, sikatai. Ningefanya tena alfajiri ileile. Ila ingepaswa kupita hatua mbili. Kwanza naikabidhi kwa chama, katibu ananiandikia stakabadhi na kuonyesha kama ni mkopo au msaada. Kisha chama, si mimi, kinanunua tiketi kwa vocha yake. Ni dakika kumi za kuandika, hata kama ni usiku, hata kama ni kwa mwanga wa simu. Baada ya hapo mifuko miwili haigusani tena, na ada za ligi zinaingia benki zinakotakiwa.

Aliyenifundisha kuyaweka haya katika utaratibu alikuwa binti wa miaka 19, mwandika alama wetu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, anasubiri chuo, na kila Jumamosi alikaa chini ya mwembe na kitabu kikubwa cha alama, penseli mbili na rula. Julai 2016 nilikuwa nimekaa karibu yake mechi ilipokwisha na timu iliyoshindwa kwa alama moja ikaja juu. Walidai wamefikia 136, yeye ana 135. Wanaume wakubwa walimzingira. Hakupandisha sauti.

"Shikamooni," alisema. "Tuhesabu pamoja." Akaanza upande wa wapigaji: mmoja mmoja, jumla 118. Nyongeza, yaani alama zisizotokana na gongo, 17: kati yake waidi na nobo, zile za mirusho mibovu, 10; bai na legi-bai, zile za kukimbia bila gongo kugusa mpira, 7. Jumla 135. Kisha akageuza kidole upande wa warushaji: kila mrushaji ametoa alama ngapi, jumla 128. "Bai na legi-bai hazimhesabiwi mrushaji," alisema, "basi ongeza 7." Ikawa 135. Akamwita mwandika alama wa timu ya pili, aliyekuwa na kitabu chake mwenyewe. 135. Wale watu wakaondoka, wengine wakimwomba radhi.

Mimi nilibaki nimekaa. Miaka zaidi ya 20 nafunga urari wa hesabu, na hapa kuna binti anafunga urari wa mpira. Kila mrusho unaandikwa mara mbili, kwa aliyepiga na kwa aliyerusha. Na sheria za mchezo zinataka waandika alama wawili, kila mmoja na kitabu chake, wakikubaliana mara kwa mara mchezo ukiendelea badala ya kungoja mwisho. Katiba yetu ilikuwa inamtaka mhazini asome hesabu mara moja kwa mwaka. Mara moja kwa mwaka! Mchezo wenyewe haumwamini mtu mmoja hata kwa ova moja.

Nikamwomba awe mwandika alama wangu wa pili, wa fedha. Kamati ikamkubali kama mhazini msaidizi. Kila mmoja alikuwa na daftari lake, na kila Jumamosi kabla ya mechi tulikaa chini ya mwembe uleule tukasomeana, yeye akisoma mapato mimi nikitia alama, kisha mimi nikisoma matumizi yeye akitia alama. Jumamosi ya kwanza kabisa tulipishana 1,500. Nilikuwa tayari kuiacha. Akasema, "Mhazini, wapigaji na warushaji hawajakubaliana." Tukatafuta robo saa. Yalikuwa makato ya kutolea pesa kwa wakala, nilisahau kuyaandika. Nimefanya kazi na wahasibu wenye vyeti ukutani ambao wangeiacha ile 1,500.

Mengine yalifuata polepole, mengi kutokana na majeraha. Risiti ya EFD inatolewa nakala siku ileile na kubanwa pamoja na nakala yake, kwa sababu ile ya asili itafifia hata ukiificha kabatini. Safarini mwalimu mmoja anashika tiketi zote kwenye bahasha, na bahasha inarudi kabla ya watoto kushuka. Kwa mama lishe, bodaboda na anayefyeka nyasi tulitengeneza karatasi yetu wenyewe: jina, kazi aliyofanya, kiasi, saini au dole gumba, na saini ya shahidi. Mama mmoja wa stendi alifurahi sana kusaini. Alisema ni mara ya kwanza mtu kumwandikia kwamba amelisha timu.

Ugumu mkubwa ulikuwa ada za ligi. Tuliamua hakuna kutuma kwenye simu ya mtu. Unalipa benki au kwa wakala wa benki, unaleta slipu, ndipo timu yako inaingia kwenye ratiba. Manahodha walilalamika kwamba tunawaletea urasimu wa serikalini. Msimu wa 2017 ulipoanza, timu tatu hazikuwa na slipu, na ratiba ya wiki ya kwanza ikatoka na timu tatu tu. Nilipigiwa simu za hasira usiku. Mwenyekiti aliyumba kidogo, nikamwomba avumilie wiki moja. Jumatano slipu zote tatu zilikuwa zimefika. Mwisho wa kila mwezi tulibandika mapato na matumizi kwenye ukuta wa kibanda cha kubadilishia nguo, yameandikwa kwa mkono, herufi kubwa. Wachezaji walikuwa wakisoma huku wanafunga pedi za miguuni. Maswali yalipungua, michango ikaongezeka; baba wa mchezaji mmoja alisoma kwamba tumebakiwa na mipira minne, akatoka akarudi na hela ya mingine sita. Na nahodha aliyeniuliza swali lile la 2015, tulimchagua mkaguzi wa ndani. Nilimpendekeza mimi.

Lipo kosa la pili, na hili siwezi kulitaja bila uzito moyoni. Mwaka 2017 familia moja ilitupa 3,000,000 kwa kumbukumbu ya baba yao: mikeka na nyavu za mazoezi kwa shule mbili za msingi. Uwanja wa kurushia una urefu wa yadi 22, mita 20 na kidogo, na kwetu hulazwa zege kisha mkeka juu yake. Shule ya kwanza ilikamilika, na vifaa vya ya pili vikanunuliwa. Zikabaki 600,000 za zege la shule ya pili. Wakati huohuo timu ya wakubwa ikaalikwa fainali mkoa mwingine, na katika kikao ikasemwa, "Tuazime 400,000 humo, tutarudisha mwezi ujao." Nilipinga. Kisha nikasaini. Hundi haitoki bila saini yangu, kwa hiyo siwezi kumlaumu mtu mwingine.

Mwezi ujao ukawa miezi 11. Bei ya saruji ikapanda. Mtoto wa marehemu alipita mjini kwetu, akaomba aone shule ya pili, na aliyempeleka nilikuwa mimi. Tulikuta vigingi vinne na kamba, nyasi zimeota katikati, mkeka mpya umeviringishwa stoo. Watoto walikuwa wanarusha mpira wa tenisi kando ya vigingi, wakiogopa kukanyaga ndani kwa sababu mwalimu aliwaambia hapo pana kiwanja chao. Yule bwana hakunikaripia. Alisema tu, "Baba alisoma hapa." Nilimweleza ukweli wote palepale, pamoja na saini yangu. Zege lilimwagwa baada ya miezi miwili, kwa harambee tuliyoifanya wenyewe kwa wenyewe, viongozi tukianza.

Baada ya hapo tulifungua akaunti ya pili ya fedha za masharti, na mtia saini wake mmoja akawa mtu wa nje ya kamati, mwakilishi wa waliotoa. Najua vyama vingi vinaona hilo ni kudhalilishwa. Kwangu lilikuwa pumziko. Likija wazo la kuazima, nilisema sina uwezo, na ilikuwa kweli.

Kuhusu mkeka wa shule ya kwanza, mvua za masika ukawekwa sakafuni stoo, mchwa wakaupata. Tuliponyanyua ulibomoka vipande. Hatukuwa tumeweka hata senti ya kuununua upya, kana kwamba mkeka ni wa milele. Kuanzia msimu uliofuata kila mechi ilikatwa 10,000 ya akiba ya mkeka, na mikeka yote ikalala juu ya vichanja.

Niliachia nafasi mwanzoni mwa 2021. Katika mkutano ule mkaguzi wetu, nahodha wa zamani, alisimama akapendekeza chama kinirudishie zile 204,000. Alisema kila mtu sasa anajua hazikuliwa. Watu wakapiga makofi. Niliwashukuru, nikawaomba wasifanye hivyo, kwa sababu tiketi tatu bado hazipo na mama lishe wa mwaka ule hakusaini popote. Wangeilipa kwa vocha ipi? Ukurasa ule bado uko kwenye daftari la 2016, mistari mitatu: kutoka kwa mhazini, 68,000.

Binti wa alama ndiye mhazini sasa. Alisomea uhasibu, akarudi. Mwaka 2025, vijana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walipofuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la 2026 la Zimbabwe na Namibia, yeye ndiye aliyenipigia kunipa habari, na nyuma yake nilisikia mwenyekiti wetu mzee, sauti imekwisha kabisa, akitaka apewe simu.

Msimu uliopita binti yule alinipigia tena, Ijumaa jioni. Mtandao wa benki ulikuwa chini tangu mchana, mawakala wote wamefunga, mechi ya ufunguzi ni kesho asubuhi, na timu mbili ziko mlangoni kwake na fedha mkononi. Walikuwa wanamwomba wamtumie kwenye simu yake tu, kwa usiku mmoja.

Nikamuuliza anaonaje.

"Naona wacheze," alisema, "na ukutani niandike kwamba hawajalipa."

Walicheza. Jumatatu saa nne asubuhi akanitumia picha ya slipu mbili, zimelala juu ya daftari lililofunguliwa.